Mizani inashuka, nguvu nazo zinaisha

SWALI: Nina kilo 70. Wiki ya tatu sasa asubuhi nakunywa chai ya rangi, jioni nakula matunda tu. Nimepungua, lakini kupanda ngazi kunanishinda. Kwa nini?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana. Hujapunguza mafuta peke yake, umepunguza na misuli. Ubongo unahitaji glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, muda wote, na akiba ya ini huisha kwa takriban siku moja. Hapo mwili huvunja protini ya misuli, ini likaigeuza sehemu yake kuwa glukosi. Kuongeza mayai pekee hakutoshi: chakula kikipungua mno, hata protini unayokula huchomwa kama kuni.

Kwa hiyo rudisha ugali au wali kiasi, upunguze kalori kama 500 tu kwa siku. Protini iwe gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito wako, yaani gramu 84 kwa siku, ukiigawa katika milo mitatu. Yai lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, samaki aliyepikwa gramu 100 kama 22. Fanya pia mazoezi ya kuchuchumaa na kusimama, mara tatu kwa wiki.

Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.