Pete ya silva inaniachia weusi kidoleni, ndo mwanzo wa kugeuka bluu?

Dada uliyeuliza kuhusu pete, tulia kwanza. Huo weusi ukinawa na sabuni si unatoka? Basi huo ni uchafu wa juu tu. Silva ya 925 maana yake asilimia 92.5 ni fedha, iliyobaki mara nyingi ni shaba, sasa ikikutana na jasho, losheni na sabuni za kuoshea vyombo inafanya kutu nyeusi na hiyo shaba saa nyingine inaacha kijani. Safisha pete, kausha kidole, endelea kuvaa.

Ule wa kuogopa ni ule usiotoka. Ami yangu ni sonara Lamu, anatengeneza zile pete zinazowekwa vipande vya vigae vya sahani za kale, na mimi nimekulia pale pale kwenye benchi lake napiga msasa. Mwangalie mkono wa kushoto, ule unaoshika pete wakati wa kulia unapiga tupa, kwenye kidole gumba na cha shahada ana vidoa vya bluu kama mtu kachomwa na ncha ya biki. Watalii wanadhani ni tatuu. Ameshasugua na ndimu, jiwe la miguu, mpaka petroli, wapi! Ni kwamba chembe za fedha zinaingia kwenye vile vijeraha vidogo vya tupa na waya, ngozi inafunga juu yake, zinabaki humo humo. Haviumi, haviwashi, na havimtambai kwenda mwilini. Nimewahi kuona na mama mmoja mteja ana doa kama hilo nyuma ya sikio, kipuli kilikuwa hakivuliwi mpaka kile kifungio kikazama ndani ya nyama.

Mnataka kujua fedha inavyopaka rangi, kumbukeni wino wa uchaguzi. Mule ndani kuna nitrati ya fedha, ukichovya kidole inashikana na chumvi ya ngozi halafu mwanga unaigeuza nyeusi, ndo maana ukitembea juani inazidi kukolea. Tofauti ni kwamba ile imekaa ngozi ya juu, ngozi ikibambuka na kucha ikikua inaondoka nayo. Ikishaingia chini hakuna cha kubambuka.

Sasa kwa wale wa kugeuka bluu mwili mzima, hao si wavaa pete jamani, wengi ni WANYWAJI. Kuna yule Mmarekani Paul Karason, 2008 alitokea kwenye TV uso wote bluu, alikuwa anajitengenezea maji ya silva nyumbani, yaani maji yenye chembe ndogo ndogo za fedha, anakunywa na usoni anapaka, miaka na miaka. Amefariki 2013 rangi haijatoka. Fedha ukiimeza inasambaa na damu, inatulia kwenye ngozi, na sehemu zinazopigwa na jua ndo zinaongoza, uso, shingo, mikono. Sisi weusi usisubiri kuona bluu shavuni, angalia fizi, weupe wa macho na mzizi wa kucha. Nasema hivi kwa sababu hayo maji naona yanauzwa humu mitandaoni eti yanatibu kila kitu, Marekani kwenyewe mamlaka yao ya dawa ilishasema tangu 1999 kwamba hayajathibitika kuwa salama wala kutibu chochote. Mtu akikuletea chupa mwambie akanywe yeye.

Dawa ya kuitoa? Za kunywa hakuna. Kuna leza wanapiga ngozi, wengine imewasaidia, ila wanasema inauma na kwa ngozi nyeusi ni lazima upate daktari wa ngozi anayeijua kweli maana inaweza kukuachia mabaka mengine. Ami nilipomwambia alicheka, akasema wateja wenyewe wanamwamini kwa hivyo vidoa. Mafundi mnaoanza vaeni glavu tu, na jeraha likiingia vumbi lioshe saa hiyo hiyo.

Halafu dada, kama hicho kidole kinawasha na kina upele, hiyo ni habari nyingine kabisa, hapo mshuku nikeli, ile metali inayowapa watu wengine mzio, na inawezekana uliuziwa silva ambayo si silva. Iangalie kwa ndani kama ina mhuri wa 925, ingawa siku hizi hata mhuri wanagonga feki, mpelekee sonara aikwaruze.