Je, visukuku vya baharini ni hoja ya "Kun fayakun"?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Mhadhiri mmoja alitufundisha kuwa wanyama wa baharini walizuka ghafla kwenye miamba, kabla yao hapakuwa na kitu, na hiyo ndiyo "Kun fayakun" (Kuwa, na kikawa). Nikaisema darasani. Mwalimu wa baiolojia akanionyesha picha za visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhika kwenye miamba, vya kabla ya hapo, wenzangu wakanicheka. Sasa naswali lakini moyo haupo. Nimekufuru?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Hujakufuru, mwanangu. Maswahaba walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuhusu mawazo ambayo hata kuyatamka waliona ni jambo kubwa mno, akawaambia hiyo ndiyo imani ya wazi. Wewe umeumia kwa sababu unaipenda dini yako.

Kinachonisumbua ni mzigo uliotwishwa. Ghafla ya wanajiolojia si kufumba na kufumbua. Kipindi cha Kambria, ambacho ndicho chenye miamba ya wanyama hao, kilianza takriban miaka milioni 539 iliyopita. Trilobaiti, wale wenye gamba la pingili, wanaonekana miaka milioni 521 iliyopita. Katikati hapo mna miaka milioni 18, na miamba yake ina vigamba vidogo vidogo na njia za viumbe waliochimba tope. Nyuma zaidi, kabla ya Kambria, yupo kiumbe wa baharini aitwaye Dickinsonia, bapa kama mkeka. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kukuta mabaki ya kolesteroli, aina ya mafuta ya miili ya wanyama, kwenye visukuku vyake kutoka Urusi, dalili kwamba alikuwa mnyama. Vipi mtu apande mimbari aseme hapakuwa na kitu? "Wala usifuate usiyo na ujuzi nayo" (17:36).

Wahadhiri hawa hupenda kumnukuu Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi, kwamba mwaka 1859 alikiri kuzuka huku kwa ghafla kunamtatiza. Ni kweli alikiri. Lakini viumbe wa Ediacara, wale wa kabla ya Kambria kama Dickinsonia, kule Australia, walifukuliwa karne ya 20. Kushika maneno ya Darwin na kunyamazia kilichopatikana baada yake ni kuficha ushahidi, hata kama nia ni kuitetea Qur'ani.

Tena nani kasema "Kun" haina muda? Wewe mwenyewe ulikuwa tone, kisha pande la damu, kisha pande la nyama, miezi tisa, na bado umeumbwa na Allah. Aliyesema "Tembeeni katika ardhi na angalieni vipi alivyoanzisha uumbaji" (29:20) hahofii jiwe lolote litakalopasuliwa.

Mwalimu wako hakukudhulumu. Mrudie, mwombe akuonyeshe zile picha tena, uzitazame taratibu. Na usiku wa leo, hata kama moyo bado mzito, witri usiiache.