Wasomaji Wauliza: Kutembea na Watoto Lüneburger Heide

Msimu wa maua unakaribia, na barua nyingi za wasomaji wetu wa kaskazini mwa Ujerumani zinauliza jambo moja: Lüneburger Heide panafaa watoto? Panafaa sana. Ni uwanda wa mchanga ulio kati ya Hamburg, Bremen na Hannover, na sehemu iliyohifadhiwa ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 234. Mwezi wa Agosti vichaka vya kaluna, ambavyo mara nyingi havivuki goti la mtu mzima, huchanua na kuvigeuza vilima vyote rangi ya zambarau. Tumechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Tuna watoto wa miaka 4, 7 na 10. Kwenye ramani nimeona mzunguko wa kilomita 12, na kilima kirefu kuliko vyote, Wilseder Berg, kina mita 169 tu. Wadogo wataweza? – Baba wa watatu, Hamburg

Ndugu, kilima hakitawasumbua. Kitakachowachosha ni mchanga. Njia nyingi za huko ni za mchanga laini, na jua likiwaka siku kadhaa mfululizo, mchanga hukauka na mguu huzama kila hatua. Mtoto wa miaka 4 anayetembea kilomita 5 mjini bila kulalamika, huko atakaa chini baada ya kilomita 3. Kwa hiyo msihesabu kilomita peke yake. Hesabuni saa. Na watoto wa umri huo, kilomita 2 kwa saa ndiyo kasi ya kweli, maana watasimama kwenye kila mbawakawa na kila kinyesi cha farasi. Kilomita 12 zitakuwa saa 6 za kutembea, kabla ya kula wala kupumzika. Mkubwa ataweza, wa katikati atalia mwishoni, na mdogo mtambeba mgongoni nusu ya safari.

Tunashauri hivi. Acheni gari kwenye maegesho ya Oberhaverbeck, ambayo hulipiwa, kisha mtembee hadi kijiji cha Wilsede. Ni kama kilomita 3 na nusu. Wilsede hakuingii magari ya wageni, na kuna migahawa, vyoo na nyumba ya kale ya mkulima iliyofanywa makumbusho tangu 1907, inayoitwa Dat ole Huus. Kuleni hapo, pumzikeni saa nzima, halafu mrudi kwa njia inayopita ukingoni mwa bonde la Totengrund. Bonde hilo litazameni mkiwa juu. Ndiko linakoonekana vizuri siku zote, na kushuka kwenye mchanga wenye mteremko kisha kupanda tena ni kuwamaliza watoto nguvu bila faida.

Wilseder Berg iko kama kilomita moja na nusu kutoka Wilsede. Ikiwa wote bado wana nguvu baada ya chakula, pandeni. Siku isiyo na ukungu mnaweza kuona minara ya Hamburg kwa mbali, na mtoto wa miaka 10 atapenda kuitafuta kwa darubini. Mkiona mdogo ameanza kuuliza "bado mbali?", kiacheni kilima kwa siku nyingine.

Ondokeni nyumbani mapema. Kufika saa 3 asubuhi kuna faida mbili: maegesho yana nafasi, na mtakuwa mmeshafika Wilsede kabla jua halijawa kali. Uwanda wa kaluna hauna kivuli. Miti ya mreteni iliyosimama hapa na pale, jamaa ya mtarakwa wa milima ya kwetu, ni myembamba mno kumfunika hata mtu mmoja. Kofia kwa kila mtoto, na maji: lita 1 kwa mtoto, lita 1 na nusu kwa mtu mzima. Msitegemee kupata maji njiani kabla ya kijiji.

Mtoto wetu ana miezi 14. Kigari chake kitapita? – Mama kijana, Bremen

Kikiwa cha magurudumu madogo ya plastiki, hapana. Magurudumu ya mbele huzama, kigari husimama ghafla, na mtoto hutupwa mbele hadi kwenye mkanda. Barabara za zamani zilizotandazwa mawe ya mviringo nazo zitamtikisa mpaka akose usingizi. Kinachofaa ni kigari cha magurudumu makubwa ya upepo, na hata hicho kwenye mchanga mzito mkivute kinyumenyume badala ya kukisukuma. Ukweli ni kwamba kanga au mbeleko inakizidi kigari chochote huko. Beba mtoto mgongoni, mfunike kichwa, na kila baada ya dakika 45 mteremshe atambae kidogo njiani.

Mama yangu anakuja kutoka Moshi mwezi wa nane. Ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, lakini hataki kuachwa nyumbani wajukuu wakienda. Tufanyeje? – Binti yake, Hannover

Mpe mama shikamoo zetu akifika. Yeye atapanda gari la farasi. Kutoka vijiji vya Undeloh, Döhle na Niederhaverbeck yako magari ya farasi yanayopeleka wageni Wilsede. Kutoka Undeloh ni karibu saa moja kwenda. Kwa kawaida gari humsubiri abiria kijijini kwa muda waliopatana, kisha humrudisha, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa mambo matatu: gari litasubiri muda gani, kuna ngazi ya kupandia, na je, mtu anaweza kulipia upande mmoja. Chukueni fedha taslimu. Wikendi za Agosti watu ni wengi, basi pigeni simu siku chache kabla au nendeni siku ya kazi.

Mpango mzuri ni huu: bibi na mjukuu mdogo wapande gari, ninyi wengine mtembee, mkutane Wilsede. Kutoka Undeloh kwa miguu ni kama kilomita 5, hivyo tangulieni saa moja na nusu. Mletee mama koti. Upepo wa juu ya gari ni baridi hata Agosti kwa mtu aliyetoka nyumbani wiki hiyo.

Na kama amewahi kufika juu ya msitu wa Kilimanjaro, ataitambua jamii ya mimea hii. Vichaka vya erika vinavyoota huko na kaluna ni wa ukoo mmoja, ila vya Kilimanjaro huweza kukua kuwa miti.

Mwaka jana tulikwenda mwisho wa Septemba tukakuta kila kitu kahawia. Maua hutoka lini hasa? – Familia ya watu watano, Hamburg

Wenyeji huhesabu tarehe 8 Agosti hadi 9 Septemba, na kwa kaluna hesabu hiyo haiko mbali na ukweli. Wiki mbili za katikati na mwisho wa Agosti ndizo salama zaidi. Ukame wa Juni na Julai huchelewesha maua au huyapunguza, na miaka mingine kuna mbawakawa mdogo anayekula majani ya kaluna hata eneo zima likageuka kahawia nyekundu katikati ya msimu. Ofisi za utalii za eneo hutoa taarifa za hali ya maua kila msimu. Zisomeni kabla hamjanunua tiketi.

Kuna jambo ambalo watalii wengi hawaambiwi, nasi tunataka watoto walijue: uwanda huu haukujiotea. Ulikuwa msitu. Watu waliukata, wakalisha mifugo, wakachuna tabaka la juu la udongo pamoja na mimea yake kuwa matandiko ya zizi na baadaye mbolea ya mashamba. Kaluna ikashika nafasi kwa sababu inavumilia mchanga usio na rutuba. Leo kazi hiyo ikiachwa, misonobari na mibetula itarudi na kuifunika kaluna. Ndiyo maana makundi ya kondoo wenye pembe, Heidschnucke, bado huchungwa humo. Wanakula ncha za kaluna, nayo huchipua upya, na wanakula miche ya miti kabla haijawa miti. Penye kaluna iliyozeeka, mashine huchuna udongo, au moto huwashwa kwa uangalizi wakati wa baridi. Mkiona eneo limebaki mchanga mtupu, msidhani limeharibiwa. Limefanyiwa matengenezo.

Hata hivyo uwanda huu uliponea chupuchupu. Mwaka 1906 Totengrund ilikuwa karibu kujengwa nyumba za mapumziko. Mchungaji wa kanisa la Egestorf, Wilhelm Bode, alipata mfadhili, bonde likanunuliwa ili libaki lilivyo, na mwaka 1909 ikaundwa jumuiya ya uhifadhi iliyoendelea kununua ardhi jirani. Tunawaomba mwaeleze watoto haya mkiwa mmesimama pale ukingoni.

Nasikia kuna kupe wenye magonjwa. Je, ni kweli, na mtoto mweusi nitamkaguaje? – Mama wa mapacha, Hamburg

Ni kweli, na swali lako la pili tunafurahi umeliuliza, kwa sababu vipeperushi vingi huonyesha ngozi nyeupe tu.

Kupe hawaanguki kutoka mitini. Hukaa kwenye nyasi na vichaka vifupi, wakamdaka apitaye. Mtoto akibaki katikati ya njia, hatari hupungua sana. Mvalishe suruali ndefu ya rangi nyepesi na soksi juu ya suruali, umpake dawa ya kufukuza wadudu inayofaa umri wake. Jioni hiyohiyo mvue nguo zote na umkague: nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, kitovuni, kwenye nyonga, nyuma ya magoti. Mwenye nywele za kusuka, pitisha vidole kwenye kila mstari wa kichwa. Kupe mchanga ni mdogo kuliko mbegu ya ufuta, hivyo vidole huona kuliko macho.

Ukimpata, mshike kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, umvute polepole na kwa kunyoosha. Usimpake mafuta, usimchome, usimminye tumbo. Akisumbuliwa hivyo anaweza kutapika vijidudu ndani ya jeraha. Kipande cha mdomo kikibaki ngozini si janga, kitatoka chenyewe. Safisha kwa dawa, piga picha, andika tarehe. Bakteria wa ugonjwa wa Lyme kwa kawaida huchukua saa nyingi za kunyonya kabla ya kuingia mwilini, na ndiyo sababu ukaguzi wa siku ileile unalinda kweli.

Kwa wiki 6 angalia mahali pale. Alama ya Lyme huanza kati ya siku ya 3 na ya 30, na huwa inapanuka. Kwenye ngozi nyeusi haiwi nyekundu ya kung'aa: inaweza kuwa ya zambarau, kahawia iliyokoza, au kama mvilio wa damu. Itazame kwenye mwanga wa mchana, iguse kama ina joto, na uchore ukingo wake kwa kalamu. Ikiuvuka mstari huo siku zinazofuata, au mtoto akipata homa, kichwa kumuuma au uso kulegea upande mmoja, mpeleke kwa daktari na umtajie kupe. Antibiotiki hutibu vizuri zikianzwa mapema. Ugonjwa mwingine wa kupe, ule wa virusi unaoshambulia ubongo, hauna dawa ya kuutibu lakini una chanjo. Muulize daktari wa watoto kama inahitajika kwa eneo mnaloishi na mnakotembelea.

Kuna nyoka? – Msomaji wa miaka 9, Hannover

Yupo, ni mdogo, wa jamii moja na kifutu, na anakuogopa. Akisikia mitetemo ya miguu huondoka. Usiingize mkono chini ya kichaka wala kukaa kwenye gogo kabla hujalitazama. Mtu akiumwa, watu wazima wapige simu ya dharura 112, wamkalishe atulie, na wasikate wala kunyonya jeraha.

Hatuna gari. Na je, tunaweza kwenda na mbwa, kuchoma nyama na kuchuma maua ya kupeleka nyumbani? – Vijana wa Hamburg

Treni hadi Buchholz, kisha ile ya kwenda Soltau, mkashuke Handeloh au Schneverdingen. Kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Oktoba yako mabasi ya Heide-Shuttle, ya bure, yanayozungukia vijiji vya eneo hilo na hubeba hata baiskeli. Angalieni saa ya basi la mwisho kabla hamjaanza kutembea. Mkishuka Schneverdingen mnaweza kuongeza Pietzmoor, kinamasi chenye njia ya mbao, mzunguko wa kama kilomita 5. Mvua ikinyesha mbao huteleza mno, basi mshikeni mkono mtoto.

Mbwa sawa, akiwa kwenye kamba mwaka mzima. Kundi la kondoo likija, simameni kando na mkaze kamba, wala msiguse nyavu za malishoni, zina umeme. Moto hapana kabisa, na sigara pia: kuanzia Machi hadi Oktoba mwisho ni marufuku kwenye uwanda na msituni, maana kaluna kavu hushika moto upesi. Maua msichume. Kwenye maduka ya vijijini huuzwa mashada ya kaluna na asali yake, nzito inayoganda kwenye kijiko. Mkipita karibu na mizinga, piteni nyuma yake, si mbele ya milango ya nyuki.