Nazi ni moja, vyungu ni vitatu

Ndugu mhariri,

Mmeuliza wiki hii: kiungo kikikosekana jikoni, mtu atie kingine mahali pake au abadilishe chakula kabisa? Nadhani wengi watawaletea orodha. Wifi yangu anayo moja, kaibandika kwenye mlango wa friji: badala ya nazi, maziwa, badala ya yai, ndizi mbivu, badala ya siagi, mafuta. Vipimo vyake si vibaya. Kasoro yake ni kwamba haimuulizi mpishi anapika nini, na kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza.

Chukua nazi. Unapokanda mahamri, kazi ya tui ni kulowesha unga na kuulainisha kwa mafuta yake. Likikosekana, kanda kwa maziwa vuguvugu na kijiko cha samli. Mezani atakayegundua ni mmoja tu, tena ni yule mama mtu mzima ambaye hugundua kila kitu. Kwa wali mambo yanaanza kuwa magumu, maana pale nazi ni mafuta na ni ladha pia. Tui la pakiti au la unga litakustiri, lakini lizimue kwa maji kama ambavyo ungechanganya tui la kwanza na la pili, kisha uonje chumvi upya. Maziwa ya ng'ombe hapana. Wali utaiva, na utakuwa wali wa maziwa.

Samaki wa kupaka je? Hapo kasimele, lile tui zito la kwanza, ndiyo chakula chenyewe, samaki kaja kama mgeni. Tui linapikwa na thomu, pilipili, bizari na ukwaju au ndimu mpaka liwe zito, ndipo lipakwe samaki juu ya makaa. Jaribu kutia maziwa na ndimu katika moto ule: asidi itagandisha protini ya maziwa, upate mabonge yanayoelea katika maji ya manjano. Siku isiyo na nazi mchome samaki kwa chumvi, ndimu na pilipili, umle kwa muhogo. Ni chakula kizuri, wala hakihitaji kujiita kupaka.

Kwa hiyo nazi ni ile ile, na majibu ni matatu: badilisha, badilisha kwa uangalifu, usithubutu.

Yai ndilo orodha za friji hulionea zaidi. Katika keki ya kawaida yenye bekin pauda, robo kikombe cha ndizi mbivu iliyopondwa inashika nafasi ya yai moja. Keki itakuwa nzito kidogo na itanukia ndizi. Kwenye katlesi yai ni koti tu. Uji mwepesi wa unga wa ngano wenye chumvi na pilipili manga utashika, ingawa ganda litakuwa gumu zaidi na halitakuwa na zile nyuzinyuzi za yai ambazo watoto huzigombania. Lakini mkate wa mayai haujui bekin pauda. Unainuliwa na hewa iliyopigwa ndani ya mayai na sukari mpaka yakawa meupe na mazito. Ndizi haishiki hewa namna hiyo hata uipige mpaka magharibi. Huna mayai, fanya vitumbua.

Siagi na samli hudhaniwa ni ndugu wa kubadilishana bila hesabu. Siagi ya maziwa ina mafuta kama asilimia 80, sehemu kubwa ya yaliyobaki ni maji. Samli ni mafuta karibu matupu. Keki ikitaka siagi gramu 250, mimi hutia samli gramu 200 na vijiko vitatu vikubwa vya maziwa. Ukigeuza upande wa pili, ukafanya nankatai kwa siagi badala ya samli, yale maji yanaukaza unga na ule ulaini wa kuvunjika mdomoni unapungua. Zile siagi za kupaka mkate zilizoandikwa zina mafuta machache ndizo mbaya zaidi kwa kazi hii, maana maji yake ni mengi kupita kiasi. Mafuta ya kupikia nayo hayashiki hewa ukiyapiga na sukari, basi keki ya mafuta itegemee mayai na bekin pauda kuinuka.

Unga wa kujiumukia usikusumbue kabisa. Kikombe kimoja cha unga wa kawaida, kijiko cha chai kimoja na nusu cha bekin pauda, robo kijiko cha chumvi, chekecha, basi. Maziwa lala yakikosekana, tia kijiko kikubwa kimoja cha ndimu au siki katika kikombe, ujazilie maziwa, uache dakika kama kumi yagande kidogo. Ila bekin soda usiitie mahali pa bekin pauda kijiko kwa kijiko. Ina nguvu mara tatu hadi nne, na bila kitu kichachu cha kukutana nacho huacha ladha ya sabuni. Magadi ya kulainishia maharagwe yasikaribie keki.

Hamira ina mambo yake. Ya chembe ndogo inayotiwa moja kwa moja kwenye unga hupunguzwa robo ukilinganisha na ile inayoamshwa kwanza kwa maji vuguvugu. Bekin pauda inaweza kutoa hamri lenye tumbo wazi, kwa kuwa kuvimba ndani ya mafuta hufanywa zaidi na mvuke ulionaswa. Lakini ladha ya unga uliolala ukaumuka huipati, na jioni hamri limekuwa gumu.

Hata hivyo siwadharau walioanzisha mbadala. Mkemia Mwingereza Alfred Bird, wa Birmingham, alitengeneza kasta isiyo na yai mwaka 1837 kwa sababu mayai yalikuwa yakimdhuru mke wake, na mwaka 1843 akatengeneza bekin pauda kwa sababu hamira nayo haikumwafiki. Kasta tunayoila Ramadhani baada ya futari ni unga wa mahindi, rangi na vanila. Ilianza ikiwa badala ya kitu, na leo hakuna anayeiuliza yai lake liko wapi.

Uchachu ndio rahisi kuliko vyote kwa mji huu wa Mombasa. Chatne ya bajia ikikosa ukwaju, embe bichi lililochemshwa na kupondwa linafaa sana, pengine linazidi. Ubuyu uliorowekwa na kukamuliwa una uchachu na uzito pia, tia sukari guru ipate rangi. Ndimu peke yake ni kali na nyepesi mno kwa chatne. Unga wa dengu wa bajia zenyewe usiubadilishe na wa ngano: huo nao si bajia tena.

Sasa harufu. Hapa msimamo wangu ni mkali. Zafarani ya biriani haina mwenzake. Manjano yatatoa rangi lakini harufu yake ni ya mchuzi. Afadhali rangi ya chakula na maji ya waridi, ambavyo angalau havidai kuwa zafarani. Iliki pia haibadilishwi, na bei yake ikipanda watu hukimbilia mdalasini. Mimi nanunua kidogo pale sokoni Marikiti, nzima ndani ya maganda, nasaga ya siku hiyo, kwa sababu iliyokwisha sagwa hupoteza harufu upesi na mwisho unatia nyingi zaidi. Na ikiwa hata hiyo kidogo haipo, mahamri bila iliki ni mandazi, na mandazi si tusi.

Mlimalizia kwa kuuliza kama mgeni aambiwe. Kwa ndizi ndani ya keki simwambii mpaka aulize. Kwa karanga namwambia kabla hajanawa mikono. Wapo wanaozitia karanga zilizosagwa kufanya mchuzi uwe mzito tui likiwa haba, na ni tamu kweli, lakini kuna miili ambayo karanga kidogo tu huivimbisha koo. Maziwa ndani ya mbaazi pia nayataja, kwa ajili ya wale ambao matumbo yao hayapatani nayo, kisha kila mmoja anajipakulia anachokitaka.

Msomaji wenu, Kibokoni, Mombasa