Swali: Nimealikwa Krismasi na kanisa la ugenini, nimeambiwa ni upagani. Niende?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, tumehamia nchi nyingine mwaka huu, mume wangu bado hajapata vibali vya kutufuata. Kanisa nililopata karibu ni la wenyeji, lugha yao naielewa nusunusu. Wametualika tusali nao mkesha wa Krismasi halafu kesho yake tukale kwa familia moja ya hapo kanisani, na mwanangu wamempa nafasi ya mchungaji wa kondoo kwenye igizo la watoto. Nilifurahi sana. Sasa kwenye grupu letu la maombi la watu tuliotoka nyumbani kiongozi katuma ujumbe mrefu wa sauti kwamba Krismasi ni sikukuu ya mungu jua, haipo kwenye Biblia, mti ni sanamu, na atakayekaa kwenye meza hiyo amekula meza ya mashetani. Toka siku hiyo silali vizuri. Na moyoni pia naona vibaya kufurahia wakati mume wangu na mama yangu wako mbali. Niende au nisiende?

JIBU: Amina dada yangu. Nenda. Nimeanza na jibu lenyewe manake najua utasoma hii ukiwa umechoka na mtoto yuko pembeni anakuvuta nguo, hayo mengine utayasoma taratibu ukipata nafasi.

Swali lako limeniuma kwa sababu huu ujumbe wa mungu jua kila ikifika Desemba naletewa na watu tofauti, maneno yale yale, lakini mara nyingi anayeuleta ni mtu aliyeko nyumbani kwake na ndugu zake, akikosa Krismasi moja hapungukiwi kitu. Wewe ni mgeni, kuna mlango mmoja umefunguliwa, halafu mtu wa kwenu mwenyewe anakwambia usiingie. Hapo siwezi kunyamaza.

Kwamba Biblia haikutaja tarehe aliyozaliwa Bwana na haikuagiza Krismasi, hilo wala hatubishani. Tuje kwenye hiyo ya jua. Ni kweli Kaizari Aureliano alizindua hekalu la mungu jua pale Roma mwaka 274, ipo kwenye historia. Lakini ukiuliza maandishi ya kwanza yanayosema Waroma walikuwa na sherehe ya jua tarehe 25 Desemba ni yapi, utaoneshwa kalenda moja ya Roma ya mwaka 354. Sasa ndani ya mkusanyo huo huo wa 354 ndo imeandikwa pia kwamba Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yudea tarehe 25 Desemba, na wanahistoria wanaona orodha yenye maneno hayo iliandaliwa mwaka 336. Ushahidi wa wapagani na ushahidi wa Wakristo umelala kwenye kitabu kimoja, sasa nani alimwiga nani? Anayekwambia kwa uhakika kwamba kanisa liliiba anakwambia zaidi ya kilichoandikwa. Wengine wanataja Saturnalia, sikukuu ya Waroma ya mungu wao Saturni, hiyo ilianza tarehe 17 Desemba na ilipovutwa sana ilifika tarehe 23.

Na kuna hesabu nyingine ambayo hawa ndugu sijawahi kusikia wanaitaja. Wakristo wa zamani wengi waliamini Bwana alitungwa mimba siku ile ile ya mwaka ambayo baadaye alikuja kufa, wakaiweka tarehe 25 Machi, Augustino, yule askofu wa zamani wa Afrika Kaskazini, ameiandika wazi kabisa. Sasa hesabu miezi tisa toka 25 Machi uone unafika wapi. Sikwambii hesabu yao ilikuwa sahihi, nakwambia walichokuwa wanakiwaza ni msalaba na tumbo la Mariamu.

Angalia pia makanisa mengine. Waorthodoksi wa Urusi wanaadhimisha 7 Januari kwa sababu wanafuata kalenda ya zamani, ambayo sasa iko nyuma siku 13 ya ile iliyorekebishwa na Papa Gregori wa 13 mwaka 1582. Ethiopia na Eritrea nao wana kalenda yao na inawaangukia mara nyingi 7 Januari hiyo hiyo, Waarmenia ni tarehe 6. Ingekuwa watu wanaabudu siku ya jua wasingeachana tarehe namna hii na bado wote wakasoma habari za mtoto yule yule aliyelazwa horini. Kama nchi uliyopo wanaadhimisha Januari, adhimisha nao Januari, wala usijisumbue.

Na hata tukikubali kwa dakika moja kwamba wapagani waliitumia tarehe hiyo, siku ni ya nani? Zaburi 74:16 inasema mchana ni wake Mungu na usiku ni wake, ndiye aliyeufanya mwanga na jua. Mimi sioni kwa nini nimwachie shetani siku nzima ya mwaka ambayo hakuiumba.

Sasa hii hoja ya kwamba sikukuu ambayo Mungu hakuiagiza ni dhambi kuiadhimisha. Kiongozi wako asome Esta sura ya 9. Sikukuu ya Purimu inayotajwa hapo haimo kwenye torati ya Musa, ilianzishwa na Wayahudi wakiwa ugenini chini ya mfalme wa Uajemi, wakakubaliana ziwe siku za karamu na furaha, na za kupelekeana zawadi, na kuwapa maskini vipawa. Hiyo ni sikukuu iliyozaliwa kwa watu wenye hali kama yako! Halafu asome Yohana 10:22, Bwana wetu yuko hekaluni Yerusalemu wakati wa Sikukuu ya Kutabaruku, wakati wa baridi. Hiyo nayo Musa hakuiagiza, ilikuja kwenye siku za Wamakabayo, Wayahudi waliolikomboa hekalu wakaliweka wakfu upya, karibu miaka 160 na kitu kabla ya Bwana kuzaliwa. Yesu aliyepindua meza za wabadili fedha alikuwa na uwezo wa kuikemea sikukuu hiyo siku ile ile, hakuikemea, alitembea pale ukumbini akafundisha.

Mti je? Andiko wanalotumia ni Yeremia 10, mti unakatwa mwituni, unapambwa kwa fedha na dhahabu, unakazwa kwa misumari. Wanaishia hapo. Endelea mstari wa 5, kitu hicho hakiwezi kusema, lazima kibebwe kwa sababu hakiwezi kwenda, msikiogope. Hiyo ni sanamu, gogo lililochongwa likapewa sura na watu wakalisujudia. Kama kanisani kwenu kuna mtu anaupigia mti magoti basi kimbia, mimi mwenyewe nitakuambia ukimbie, lakini kama ni mti umesimama pembeni una taa basi ni mti. Isaya 60:13 inataja miti ya kupamba mahali pa patakatifu na hakuna aliyesema Isaya alikuwa mpagani.

Kilichonikasirisha hasa ni ile ya meza ya mashetani. Hilo neno lipo 1 Wakorintho 10:21, Paulo anaongea na watu waliokuwa wanakwenda kula kwenye ibada za sanamu, nyama imetolewa sadaka mbele ya mungu mwingine nao wanajua. Mistari sita tu mbele, mstari wa 27, Paulo huyo huyo anasema mtu asiyeamini akiwaalika nanyi mkitaka kwenda, kuleni kila kitu kiwekwacho mbele yenu bila kuuliza-uliza kwa ajili ya dhamiri. Asiyeamini! Kama kwa asiyeamini unaruhusiwa kukaa ukala kwa amani, itakuwaje kwa familia iliyobatizwa kwa jina lile lile ulilobatizwa wewe, inayoomba kabla ya kula, iliyokuona ukiwa mpweke na mtoto ikasema njooni? Kuiita meza ya watu kama hao meza ya mashetani ni kuwasingizia ndugu, na huyo kiongozi anatakiwa kutubu kwa neno hilo.

Hoja hii ina umri mrefu, asidhani kaivumbua yeye. Mwaka 1659 Wapuritani wa Massachusetts kule Amerika, Waprotestanti wenye msimamo mkali kutoka Uingereza, nao walikuwa wahamiaji waliovuka bahari wapate uhuru wa kuabudu, walipitisha sheria kwamba atakayeonekana anaadhimisha Krismasi alipe faini ya shilingi 5. Ikakaa miaka 22, ikafutwa 1681. Watu wa maombi wale, Biblia wanaijua, lakini Wakolosai 2:16 ilikuwepo kwenye Biblia zao, mtu asiwahukumu ninyi kwa sababu ya sikukuu. Na upande wa pili pia, asiyeadhimisha kwa sababu ya dhamiri yake tusimcheke, Warumi 14 imempa nafasi kamili. Kiongozi wako ana haki ya kubaki nyumbani siku hiyo. Haki ya kukufungia wewe hana.

Sasa hilo la moyoni, la kufurahi wakati wako wako mbali. Hapa ndo nimekaa nalo muda mrefu zaidi.

Wayahudi walipopelekwa Babeli waliuliza, tuuimbeje wimbo wa BWANA katika nchi ya ugeni? Walining'iniza vinubi vyao kwenye miti wakalia. Mungu hakuwalaumu kwa kulia, zaburi yao ameiweka kwenye Biblia mpaka leo. Lakini kwa watu hao hao wa uhamishoni alituma barua kwa mkono wa Yeremia, sura ya 29, jengeni nyumba mkae, pandeni bustani, utakieni amani mji ule mkauombee. Vyote viwili ni halali kwako, kulia na kukaa. Ukilia katikati ya wimbo kanisani usifikiri umeharibu ibada ya watu.

Na huyo tunayemwadhimisha alizaliwa wazazi wakiwa safarini, nafasi haikuwapo katika nyumba ya wageni, na kabla hajakua akabebwa usiku kupelekwa Misri. Biblia haikutaja jina la mtu aliyewapokea kule Misri. Lakini yupo aliyewaonesha pa kulala na pa kuteka maji. Huyo mama wa kanisani aliyekuja kukwambia njooni mle kwetu, mimi nikimfikiria namfikiria mtu huyo wa Misri.

Nikuambie langu. Nilipokuwa mwanafunzi nje ya nchi, Krismasi ya kwanza nilitaka kubaki chumbani, nikasema sina nguo nzuri na lugha yao siijui vizuri. Nikaenda nimechelewa nikakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Bibi mmoja akasogea, akanipa kitabu chake cha nyimbo, akawa anaburuza kidole chini ya kila neno wanaloimba ili nisipotee. Ubeti wa pili nikagundua huu wimbo naujua toka utotoni, nikaanza kuimba kwa lugha yangu palepale, naye hakuacha kuburuza kidole mpaka mwisho. Mahubiri ya siku hiyo sikumbuki hata neno moja. Kile kidole nakikumbuka.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiku kabla ya mkesha soma kwa lugha yako Isaya 9, Luka 2 mpaka mstari wa 20, na Yohana 1 mwanzoni, makanisa mengi yanasoma hapo hapo kwenye Krismasi, ukisikia Bethlehemu na Augusto utajua mmefika wapi. Siku ya chakula usikae kama mgeni wa kuhudumiwa tu, uliza mapema nije na nini, na wakimaliza kula ingia jikoni ushike kitambaa ukaushe vyombo, kwa mtu anayejua lugha nusunusu maongezi ya jikoni ni rahisi kuliko ya mezani. Kama umemuona mtu mwingine mpya pale kanisani anakaa peke yake, waulize wenyeji wako kama unaweza kuja naye. Na uwe mkweli kwao, waambie mume wangu yuko mbali na leo ni siku ngumu kwangu, usivae furaha ya bandia.

Kingine, usikope pesa ili utume zawadi nyumbani uonekane umefika. Najua presha ya ndugu mwezi huu inavyokuwa. Mpigie mama yako simu ndefu, mwombee kwa sauti, atakachokumbuka ni hicho. Mume wako mrekodie lile igizo, mtoto akiwa na shuka yake kichwani na fimbo mkononi, na kama mtoto ana sentensi ya kusema mwambie aifanyie mazoezi na baba yake kwenye simu kuanzia leo, kwa lugha ya wenyeji na kwa lugha yenu, ili baba naye awe na sehemu yake kwenye Krismasi hii.

Kuhusu grupu, usimjibu kiongozi mbele ya watu. Mtafute pembeni, mwambie kwa heshima kwamba umeuliza, umesoma, na utakwenda. Halafu muulize yeye siku hiyo atakuwa wapi na atakula na nani. Inawezekana kabisa hakuna aliyemwalika. Akikutoa kwenye grupu niandikie nitaongea naye mwenyewe, ila wewe usitoke, wale ni ndugu zako na maombi kwa lugha yako bado unayahitaji.