Kupima kina cha kisima kwa jiwe: kwa nini hesabu hupishana na kamba

Ndugu muulizaji, umeeleza kuwa uliangusha jiwe kisimani, ukahesabu muda hadi uliposikia mlio wa maji, ukatumia kanuni ya shuleni, na jibu likazidi kipimo cha kamba kwa mita kadhaa. Umeuliza kama kanuni ina kasoro. Jambo hilo lilinipata mimi pia nilipotaka kujua urefu wa bomba la kununua kwa ajili ya kisima cha nyumbani kwetu kijijini, na nilichogundua ni kwamba kanuni haina tatizo lolote. Tatizo lilikuwa kwenye muda.

Kitu kinachoangushwa bila kusukumwa huongeza kasi yake kwa takriban mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita, na umbali kilioanguka ni nusu ya 9.8, yaani 4.9, mara muda kipeo cha pili. Saa yangu ilionyesha sekunde 2.5, kwa hiyo nikapata mita 30.6. Kamba yenye uzito mwishoni ilisema maji yako mita 26 kutoka ukingoni.

Kosa la kwanza lilikuwa kusahau kwamba mlio nao husafiri. Sauti hwenda takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo kupanda mita thelathini huila karibu sekunde 0.09, na muda huo si wa kuanguka. Huna haja ya kutatua mlinganyo mgumu: toa 0.09 kwenye 2.5, upate 2.41, kokotoa kina upya, kisha tumia kina hicho kipya kurekebisha muda wa sauti. Baada ya kurudia mara mbili, jibu langu lilitulia kwenye mita 28.6.

Bado mita mbili na nusu zilikuwa zimezidi. Wengi hapo hukimbilia kulaumu uzito wa jiwe, lakini uzito hauingii kabisa katika kanuni hii. Wengine hubishana kuhusu 9.8, kwa kuwa karibu na Ikweta, usawa wa bahari, thamani yake ni 9.78, tofauti hiyo, kwa kisima changu, ni sentimita tano tu. Ukinzani wa hewa kwa jiwe la ukubwa wa ngumi nilikadiria kuwa unachangia nusu mita hivi.

Kilichobaki ni kidole changu. Jiwe linapofika majini kwenye kisima cha kina hicho linakwenda karibu mita 23 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo ukichelewa kubonyeza saa kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, umekiongezea kisima zaidi ya mita mbili ambazo hazipo. Hata Galileo, aliyechapisha sheria hii mwaka 1638, alikwepa tatizo hilohilo: alibingirisha tufe kwenye ubao ulioinama ili mwendo uwe wa polepole, na muda akaupima kwa kupima uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka chomboni.

Kuna pia mkono unaoachia. Mara ya kwanza kijana wangu alilirusha jiwe chini badala ya kuliachia. Likianza na mita mbili tu kwa sekunde, basi katika sekunde 2.3 litakuwa limepata mita 4.6 za ziada ambazo kanuni hii fupi haizijui. Liachie kwa kufungua vidole, na liwe limeoshwa, maana mama yangu alinikemea, kwa haki, kwa kutupa mawe kwenye maji ya kunywa.

Ili kujua kidole changu kinachelewa kiasi gani, niliangusha jiwe kutoka kwenye roshani ya ghorofa, kimo nilichokipima kwa futi ya fundi kuwa mita 9.2, huku mtu akizuia wapita njia. Hesabu, pamoja na muda wa sauti, ilitaka sekunde 1.40, wastani wa majaribio yangu kumi ulikuwa 1.51. Nikaitoa ile 0.11 kwenye muda wa kisima, ikabaki 2.39, na baada ya kuondoa muda wa sauti nikapata mita 26.2. Bomba nikalinunua kwa kipimo cha kamba.