Mwanangu, maduka ya Tanga yalikwenda wapi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, miguu tu ndiyo inamsumbua. Ulipokuja Idi ulinisikia kila tukipita mjini nasema hapa palikuwa na duka, pale palikuwa na baa, na sasa umeniandikia kuuliza nani aliyeyafunga.

Wengi watakuambia Wahindi walikimbia. Mimi jibu hilo silikubali. Aliyeondoka kwanza ni mteja.

Tanga ya ujana wangu iliishi kwa mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Mwisho wa mwezi, mishahara ikishalipwa mashambani, manamba walishuka mjini kutoka Muheza na Korogwe. Ungeiona siku hiyo! Mafundi cherehani barazani wanapima watu suruali, doti za kanga zimetundikwa mpaka mlangoni, baiskeli mpya zinafungwa kengele. Babu yako alikopeshwa vitambaa kwa daftari tu, na deni alilipa.

Jioni watoto tulijazana sinema ya Majestic, wakubwa wakaenda baa. Nilipokua, pombe sikuigusa, lakini dansi sikulikosa. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zote zilikuwa bendi za hapa hapa, na vijana tuligawanyika kama washabiki wa mpira. Wilson na George Kinyonga walipiga Jamhuri kabla ya kwenda Arusha, kisha Kenya, walikounda Simba Wanyika. Baa ziliishi kwa muziki huo: bendi ikipiga, bia zinashuka, na muuza mishikaki nje naye anapata chake.

Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ya mkonge ikaporomoka. Mashamba mengi yalitaifishwa 1967. Mwaka 1971 zikafuata nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na hapo ndipo familia nyingi za Kihindi zilipofunga virago kwenda Uingereza na Kanada. Nia ya Azimio la Arusha, lililoleta siasa hiyo ya ujamaa, naiheshimu mpaka leo, lakini nasema nilichokiona. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa, hasa vijijini, ili ya ushirika yashike nafasi. Sasa mwenye duka la jumla mjini angemuuzia nani?

Miaka ya themanini ndiyo iliyomaliza kazi. Bibi yako alipanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la RTC, kampuni ya biashara ya serikali mkoani, apate kipande cha sabuni ya mche. Bia nayo ilikuwa ya mgao, na baa isiyo na bia haina cha kumlipa mpiga gita. Mwishoni mwa miaka hiyo mkonge wa nchi nzima haukufika hata tani 40,000 kwa mwaka.

Ukija tena twende na Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Kule maduka mengi madogo yalivumilia, kwa kuwa wenyewe walilala nyuma ya duka na hawakuwa na pa kwenda. Kisha turudi mjini na simu yako tupige picha ile milango, nikueleze kila mmoja uliuza nini, maana wadogo zako hawakuwahi kuingia hata mmoja.

Baba yako